Barua ya wazi kutoka Soko la Mbuyuni: akiba ndogo ya marehemu iwafikie watoto wake

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania.
Nakala: wabunge wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

YAH: OMBI LA KUWEKA KIWANGO CHA MIRATHI NDOGO ITAKAYOLIPWA BILA SHAURI LA MAHAKAMANI

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, nashona hapa Soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Mama yangu aliuza ndizi kwenye soko hilo hilo. Siku za soko aliamka saa tisa usiku awahi gari la Mwika, na jua likichomoza alikuwa amesharudi na mikungu yake ya mshare, anaipanga juu ya turubai. Nimekua nikimwona jioni anazinyoosha noti moja moja juu ya paja, anazihesabu, kisha anazifunga kwenye pindo la kanga. Umri ulipomwendea, sisi wanawe tulimshika mkono tukampeleka kufungua akaunti benki, asije akaporwa njiani. Tuliamini tunamlinda.

Alifariki Aprili 2023, masika yakiwa yamekolea. Tulimzika Uru, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba. Kihamba hicho kilishakuwa cha mdogo wetu wa mwisho tangu baba alipotutoka, kama ilivyo desturi yetu Wachaga, kwa hiyo mama hakuacha shamba wala nyumba ya kugombewa. Alichoacha ni shilingi 1,140,000 benki, 86,500 kwenye simu, hisa za 320,000 kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ya akina mama wa sokoni pamoja na deni la mkopo la 70,000, na vitu vyake vya biashara: turubai, vikapu, meza. Watoto tuko wanne, wote watu wazima. Hakuna hata siku moja tuliyogombana juu ya mali hiyo. Naomba mlishike hilo mnapoendelea kusoma, kwa sababu mateso yote nitakayoyaeleza yaliipata familia iliyokuwa na neno moja.

Nianze na VICOBA. Jumapili ya pili baada ya maziko, akina mama wale walituita. Walikaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa, sanduku lao la kufuli tatu likiwa katikati. Mweka hazina alifungua daftari, akasoma kwa sauti hisa za mama, akasoma deni lake, kisha akasoma jina ambalo mama mwenyewe aliliandikisha siku aliyojiunga, la mtu wa kupokea haki yake siku akiondoka. Lilikuwa jina langu. Akauliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyesimama. Wakakata ile 70,000, wakanihesabia 250,000 mbele ya kaka na dada zangu, nikaweka saini, dada yangu akaweka dole gumba kama shahidi. Wakaongeza na rambirambi. Haikufika saa moja, na kila aliyekuwa pale alimjua mama kwa sura, kwa sauti na kwa madeni yake.

Benki ilichukua miezi kumi na moja.

Nilikwenda na cheti cha kifo mkononi. Dada wa kaunta alinipa pole ya dhati, na simlaumu hata kidogo. Akasema uwezo wake ni mmoja tu, kuifunga akaunti mpaka apelekewe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Basi tukakaa kikao cha familia, tukaandika muhtasari, tukasaini wote wanne na mjomba, mtendaji wa mtaa akatugongea muhuri. Kaka yangu yuko Mtwara kikazi. Alikuwa na wiki tatu tu tangu arudi kutoka msibani, ikabidi afunge tena safari, ndiyo nchi nzima kuikata kutoka kusini hadi kaskazini, aje aseme mbele ya karani kwamba hapingi.

Likaja suala la jina. Benki ilimwandika mama kwa jina la ubatizo na jina la mumewe. Kitambulisho cha NIDA kilikuwa na jina la ubatizo na la baba yake mzazi, na cheti cha kifo kikafuata kitambulisho. Aliyekulia huku kwetu anajua mwanamke mmoja huwa na majina matatu bila kuwa tapeli: la kwao, la ndoa, na lile la mtoto wake wa kwanza ambalo soko zima linamwitia. Tukamlipa wakili atuandalie hati ya kiapo kwamba majina yote yale ni ya mtu mmoja. Kwenye VICOBA hakuna aliyeuliza.

Mahakama ya mwanzo tuliyofungulia shauri nilikuta watu wengi kwenye mabenchi, wengi wao wanawake, wengi na bahasha za kaki kama yangu. Karani aliniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani hadi leo: "Marehemu aliishi kimila au Kikristo?" Mama alikuwa Mlutheri, mwanakwaya mpaka sauti ilipomwishia. Mama huyo huyo ndiye aliyepika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya vikao vya ukoo, na hakuna arusi ya Uru iliyopangwa bila kuulizwa nani ni nani kwa nani. Ningemkata vipi vipande viwili? Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake aliniinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, sema kimila." Nikasema kimila.

Baadaye msaidizi wa kisheria alinieleza maana ya swali lile. Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliipa mahakama ya mwanzo mirathi zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi ya Mkristo aliyeishi nje ya mila ilitakiwa ipande, mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mali za Marehemu, Sura ya 352. Kumbe jibu la neno moja, analolitoa mtu mwenye msiba na asiyejua uzito wake, ndilo linaloamua mlango. Namfahamu mjane mmoja wa Pasua aliyemaliza hatua zote, akapewa usimamizi, akaanza kugawa, na mwaka wa pili yote yakafutwa kwa sababu mumewe alikuwa Mkristo na shauri lilianzia mlango usiokuwa wake. Aliambiwa aanze upya. Hakuanza. Alichoka.

Sisi tulivumilia. Tangazo likabandikwa, tukangoja siku za pingamizi. Mara faili halionekani, mara hakimu yuko likizo, mara tarehe imesogezwa. Hatimaye nikateuliwa, nikapewa fomu namba 4, ndiyo barua ya usimamizi, nikaipeleka benki. Benki nayo haikunipa fedha mkononi. Ilizipeleka kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, tukaanza kungoja tena zitoke huko. Na kanuni za mwaka 1971 zinazoongoza mirathi kwenye mahakama za mwanzo zinamtaka msimamizi apeleke orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, kwenye fomu namba 5 na namba 6. Niliijaza orodha hiyo kwa uaminifu wote. Mstari wa kwanza niliandika fedha za benki. Wa pili, turubai moja. Wa tatu, vikapu sita. Nilipofika hapo kalamu ilinigandia, maana vikapu viwili vilishachakaa.

Nina daftari. Fundi yeyote ana daftari la vipimo. Mimi kurasa za nyuma za daftari langu niliandika kila shilingi ya safari hii. Nauli, fotokopi, picha ndogo, wakili, safari ya kaka, vyote jumla 327,400. Mara 17 nilikwenda mahakamani au benki, na mara 17 cherehani yangu ilikaa imefunikwa. Hizo sikuzitia kwenye hesabu. Kilichobaki kwenye akiba ya mama kikawa 812,600. Tukagawana 203,150 kila mmoja. Karibu sehemu tatu ya kumi ya jasho la mama ilikwenda kwenye kuthibitisha kwamba ni la mama.

Na ile 86,500 ya kwenye simu? Waheshimiwa, nitasema ukweli kwa sababu barua hii haina maana nikificha. Mpwa wangu aliijua namba ya siri ya bibi yake. Siku ya pili ya msiba alikwenda kwa wakala akazitoa, zikanunua sukari, majani ya chai na mchele. Hatukuona kosa wakati ule. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kutumia laini na namba ya siri ya mtu aliyekwisha kufariki si halali. Na sisi siyo peke yetu. Ulizeni mtaani, iwe Moshi au Arusha, Majengo huku au Ngarenaro kule: mgonjwa akizidiwa, mtu mmoja anatumwa na kadi yake kwenye ATM. Taarifa ya kifo inacheleweshwa kupelekwa benki. Familia zenye heshima, zenye wazee wa kanisa na walimu wa madrasa, zinajikuta zinafanya mambo ya kujificha juu ya fedha ambazo ni zao kihalali, kwa sababu njia ya wazi ni ndefu kuliko uwezo wao.

Hapa ndipo penye kiini cha ombi langu. Tunaambiwa mlolongo huu upo kuwalinda wajane na yatima. Nauheshimu sana ulinzi huo, na nitarudi kwake. Lakini angalieni unavyofanya kazi kwenye mali ndogo. Anayejua namba ya siri ndiye anayepata. Mara nyingi huyo ni kijana wa kiume, au ndugu aliyekuwa karibu na kitanda siku ya mwisho. Mjane asiye na simu ya kisasa, mtoto wa kike aliyeolewa Karatu, hao wanabaki na njia halali, na njia halali inagharimu zaidi ya mgao wao. Kwenye mirathi kubwa, yenye nyumba na viwanja, mtu atavumilia miaka mitatu kwa sababu mwisho wake kuna kitu. Kwenye mirathi ya laki saba, kumpeleka mjane mahakamani mara 17 ni sawa na kumwambia aisamehe.

Sura ya 352 yenyewe inayajua maneno mirathi ndogo. Lakini hata hiyo ndogo ya kwenye sheria inasimama mbele ya hakimu. Ninachoomba ni ngazi moja chini ya hapo.

Binamu yangu mmoja ameolewa California, Marekani. Mwaka 2025 alifiwa na mumewe, na nilipokuwa nampa pole kwa simu nikamtahadharisha kuhusu benki, nikamwambia ajiandae. Akanieleza utaratibu wa kule, nikamwomba arudie nipate kuuandika. Sheria ya California inasema kama mali ya marehemu isiyo ardhi haizidi kiwango fulani, mrithi anasubiri siku 40 tangu kifo, anaandika kiapo kwamba yeye ndiye mwenye haki na kwamba hakuna shauri la mirathi lililofunguliwa, anaambatanisha cheti cha kifo, anakwenda nacho benki. Benki inalipa. Hakimu hahusiki. Kwa waliofariki kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 kiwango hicho ni dola 208,850. Hizo ni fedha nyingi kwetu, wala siombi tukinakili kiwango cha watu ambao maisha yao na bei zao si zetu. Nililolishika ni jambo lingine. Sheria ile inasema benki iliyolipa kwa kufuata kiapo imemaliza wajibu wake, haidaiwi tena. Mwenye madai, iwe mrithi mwenzake au mtu aliyemkopesha marehemu, anamfuata aliyepokea. Na aliyeapa uongo anajibu kwa kiapo chake.

Nilimkumbuka yule dada wa kaunta. Hakuwa mkaidi, alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Akinilipa leo, kesho akatokea mtoto mwingine wa mama ambaye simjui, benki italipa mara mbili na yeye atapoteza kazi. Hakuna sheria inayomkinga. Mkimkinga yeye, mmetufungulia sisi.

Kuna mifano ya karibu zaidi. Afrika Kusini, mirathi isiyofikia randi 250,000 haihitaji utaratibu mzima wa msimamizi. Ofisi ya serikali inayosimamia mirathi inatoa barua ya mamlaka kwa mtu mmoja, naye anakusanya, analipa madeni, anagawa. Jirani zetu Uganda wana sheria yao maalumu ya mirathi ndogo kwa miaka mingi sasa. Na Uingereza kuna funzo la namna nyingine. Sheria yao ya 1965 iliruhusu baadhi ya taasisi kulipa fedha ndogo za marehemu bila hati ya mahakama, kiwango kikapandishwa hadi pauni 5,000 mwaka 1984, kisha kikaachwa hapo miaka nenda miaka rudi huku bei za vitu zikipanda. Mkiweka kiwango, kiwekeni kwenye kanuni ambazo Waziri anaweza kuzipitia kila baada ya miaka michache, kisije kikabaki namba ya makumbusho.

Sasa nirudi kwenye ulinzi, kwa sababu najua mtasema, na mtakuwa na haki: je, wale wajomba wanaowanyang'anya wajane?

Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe nikiwa bado nasoma. Ukoo wa mume ulikaa, ukaandika muhtasari, shemeji yake akapendekezwa kuwa msimamizi. Walimletea asaini akiwa ndani, amejifunika, siku ya nne. Alisaini. Shemeji alikwenda mahakamani, akapewa usimamizi kihalali kabisa, akakusanya fedha, akauza pikipiki, akapotea nazo. Orodha ya mali haikupelekwa mahakamani na hakuna aliyeiulizia. Mama mdogo aliondoka na godoro, sufuria mbili na watoto watatu. Alipata kila kinachoitwa ulinzi wa mahakama, na hakulindwa.

Chini ya jambo hilo kuna mzizi mnaoujua kuliko mimi. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi, linasema mjane hana sehemu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, aliikataa mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo alilorithi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba nchi yetu imewakosea wajane wawili waliofukuzwa majumbani mwao kwa mila hizo, ikaitaka irekebishe sheria. Kwa hiyo ninaposema mirathi ndogo iende kwa kiapo, simaanishi iende kwa muhtasari wa ukoo. Huo ndio ungekuwa msiba wa pili.

Naomba mume au mke aliyebaki awe wa kwanza kuapa na wa kwanza kupokea, na pasiwe na ndugu wa marehemu atakayepokea kwa niaba yake. Asipokuwepo, waape watoto wote wazima kwa pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake, na aliye mbali aape huko aliko mbele ya mtendaji wake. Kaka yangu angeapa Mtwara akarudi kazini siku hiyo hiyo. Kama kuna watoto wadogo, sehemu yao iingie kwenye akaunti ya jina lao. Mwanamke asitakiwe kusaini chochote kabla ya siku 30 tangu maziko, na asaini mbele ya mtu ambaye si wa ukoo wa mumewe. Yeyote akitoa pingamizi, hata la mdomo, mtendaji aliandike na jambo liende mahakamani kama kawaida. Ardhi na nyumba zisiguswe na utaratibu huu kabisa, hata kama ni kiwanja kidogo namna gani. Na kiapo cha uongo kishtakiwe. Ni kosa tayari kwenye Kanuni ya Adhabu, kinachokosekana ni watu kuona kwamba linafuatiliwa.

Kiapo chenyewe kipokelewe wapi? Mimi ningependekeza RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwenye ofisi zile zile za wilaya zinazotoa vyeti vya vifo. Familia inafika pale hata hivyo. Mtumishi aliyemwandikia cheti cha kifo anaweza kupokea kiapo, kukipa namba, kukibandika ubaoni na kukiweka kwenye mfumo ambao benki yoyote itaangalia kabla ya kulipa. Hapo kiapo kimoja hakitatumika mara mbili, na mtoto aliyefichwa atajua pa kulalamika. Uislamu na mila na Ukristo vibaki kwenye kugawa, mahali pake. Jirani yangu Mwislamu akifiwa, mjane atapata thumni yake na watoto watapata zao kama Kurani inavyoelekeza. Kiapo kinasema tu nani akusanye, na kinamfunga agawe kwa wenye haki. Wala hapatakuwa na haja ya kumuuliza mtu aliyefiwa kama mama yake aliishi kimila.

Kuhusu kiasi, nimewaza sana. Napendekeza shilingi milioni tano kwa jumla ya fedha zote za marehemu, benki, simu na SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) zikijumlishwa. Hiyo inamchukua muuza ndizi, dereva wa bodaboda, mlinzi, mama lishe, mbeba mizigo ya wapanda mlima. Hao ndio wanaotuachia akiba ambazo gharama za mahakama zinazimeza. Mwenye mamilioni mengi anaweza kulipa wakili, na mali yake inastahili jicho la hakimu.

Mheshimiwa Gavana, kwako nina ombi dogo zaidi, na pengine ndilo jepesi. Siku tunayofungua akaunti, fomu inatuuliza ndugu wa karibu na namba yake ya simu. Mama aliandikwa, mimi nikaandikwa chini yake. Jina hilo lilikuwepo kwenye mafaili ya benki miezi yote kumi na moja, na halikuwa na nguvu yoyote. Zitakeni benki na kampuni za simu zimuulize mteja swali lile la VICOBA: nani apokee siku ukiondoka? Amtaje, abadilishe akitaka, amwone kwenye karatasi. Huyo awe mpokeaji kwa niaba ya warithi wote, asiwe mmiliki, na iwe hivyo chini ya kiwango tu. Wanawake wa sokoni wenye daftari la karatasi wameliweza.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, najua Mahakama imejitahidi. Temeke mna kituo jumuishi kinachoshughulika na mirathi, ndoa na talaka peke yake, na Arusha tulipata kituo jumuishi miongoni mwa vile vya mwanzo. Majengo yale ni mazuri. Lakini mashauri ya vikapu sita yakitoka kwenye foleni, mahakimu watapata muda wa kumsikiliza mtu kama mama yangu mdogo, aliyehitaji hakimu na hakumpata.

Wiki iliyopita amenijia mama kijana anayeuza vitumbua karibu na stendi. Mumewe alikuwa dereva wa bodaboda, amegongwa na lori barabara ya Arusha. Ana watoto wawili na mumewe ameacha 640,000 benki. Alisikia kwamba mimi nimeshapita njia hiyo, akaniuliza aanzie wapi. Nilichukua kipande cha karatasi ya kaki ninayokatia ruwaza, nikamwandikia: cheti cha kifo, muhtasari, mtendaji, wakili wa majina, karani, tangazo, fomu namba 4, benki, akaunti ya mahakama, fomu namba 5, fomu namba 6. Alisoma taratibu hadi chini. Akaniuliza kila mstari ni safari ngapi, nikamwambia. Siku moja bila vitumbua ni siku moja watoto hawajala vizuri, na alikuwa akihesabu kwa vidole.

Aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba. Leo asubuhi nimepita stendi nikamuuliza kama amekwenda kwa mtendaji. Bado. Amesema atakwenda akipata nafasi. Fedha ziko benki, na sare ya mtoto wake wa kwanza nimeshaikata, nitaimaliza Jumamosi.

Nangoja majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani,
Soko la Mbuyuni, Moshi.